Majina Saba ya Watu Watatu

Mwalimu Mwaisha binti Hatibu alikuwa anaandika ubaoni sentensi ya tatu, "He did not went to the market", wale wanne waliokufa Jumanne walipoingia darasani. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika kumi alasiri. Walisimama mlangoni wakatoa shikamoo kwa pamoja. Mwalimu akaitika marahaba bila kugeuka, akawaambia wamechelewa. Nasibu, aliyekuwa mkubwa wao, akaomba radhi. Alisema njia ya kutoka kule chini ni ndefu.

Wakaenda kukaa kwenye benchi lao la nyuma: Nasibu, Marwa, Abdulshakur na Doto. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya duka la Umesh pale Lwamabwe, machimbo yaliyo mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Rwamgasa, na nusu ya stoo ilikuwa ya magunia ya mchele. Wale wanne walikuwa wamejaa vumbi la mwamba, la kijivu, toka nywele hadi kucha za miguu, na kila walipofungua daftari lilimwagika. Mamta, mke wa Umesh, alichungulia akawaomba wasogee mbali na mchele. Wakasogea.

Walikuwa na sababu ya kuja. Mradi mkubwa wa dhahabu uliopakana na machimbo ulikuwa umetangaza ajira, na kila mwombaji alitakiwa kufanya mtihani wa sentensi ishirini za Kiingereza, kila moja ina kosa lake, ulitafute ulirekebishe. Mtu wa kulisha mawe kwenye mtambo anahitaji Kiingereza cha nini, Mradi haukueleza, na Lwamabwe hakuna aliyeuliza. Mwenye nguvu mpishe. Vijana wakatoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, wakaenda kwa Mwalimu Mwaisha, aliyestaafu kufundisha sekondari lakini hakustaafu kusahihisha. Alisahihisha vibao vya maduka, matangazo ya misiba na kadi za harusi. Makosa ya Kiingereza yalimwasha kama upupu.

Sasa, wachimbaji wa Lwamabwe wana desturi yao. Hakuna anayeshuka duarani na jina la nyumbani. Wanasema mwamba ukikujua jina utakuita, na ukikuita utaenda. Kwa hiyo mdomoni mwa kila duara kuna daftari, na ndani ya daftari kuna majina ya kazi tu. Nasibu aliandikwa Tajiri Kesho. Marwa alikuwa Saa Mbovu, kwa sababu hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Abdulshakur aliitwa Gavana, na Doto, aliyekuwa hanywi wala havuti, wakamwita Padri.

Jumanne ile duara lilipotitia, daftari lilikuwa na majina saba. Waokoaji wakatoa miili mitatu. Ofisi ya usalama ya Mradi, iliyosimamia uokoaji, ikatazama daftari, ikaona majina saba ambayo si majina, ikasema inajulikana wazi kwamba mchimbaji mmoja hutembea na majina ya utani mawili au matatu. Watu watatu, majina saba. Hesabu ikakubali, na kamba zikakunjwa siku hiyo hiyo.

Taarifa ilibandikwa Ijumaa kwenye ubao wa matangazo, kwa Kiingereza, na muhuri juu. Ilisema wachimbaji watatu walikuwamo duarani, wote watatu wameopolewa, na duara litafukiwa Jumamosi ya wiki inayofuata kwa usalama wa wananchi. Abdulshakur aliibandua akaja nayo darasani. Mwalimu akaifanya zoezi la siku. Aliinakili ubaoni neno kwa neno, akawaambia watafute makosa.

Darasa zima lilitafuta, wazima na marehemu. Vijana waliinamia madaftari mpaka chaki ikalowa jasho mkononi mwa mwalimu. Doto alidhani ameona moja, akafuta. Mwishoni Marwa akanyoosha mkono akasema hakuna kosa.

Mwalimu naye hakuwa ameliona. Kila kitenzi kilikuwa mahali pake, kila nukta imetulia. Alitazama jina la mwandishi pale chini. Aliyeandika ni Abdulwahab, wa ofisi ya usalama ya Mradi. Kidato cha pili mpaka cha nne alikuwa mwanafunzi wake wa mbele kabisa, mtoto aliyekuwa akimletea masahihisho kabla hayajadaiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii mwalimu alikuwa ameishona kwa mkono wake.

Nje ya stoo, kwenye ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Mama Kulwa, mama yake Doto. Kulwa ameolewa Nkome kwa wauza dagaa. Doto ndiye aliyekuwa amebaki naye. Mama huyo alikuwa anakuja kila siku kumwona mwanawe akiingia na akitoka. Siku ya kwanza alimletea ugali na mlenda, Doto akashukuru, akasema huko hawali. Tangu hapo alikuja mikono mitupu. Darasa lilipokwisha alimwita mwalimu.

"Mwalimu, wabeja, asante, unanitunzia mtoto," alisema. "Lakini akitoka hapa anarudi wapi? Kule chini amelalia ubavu, jiwe liko mgongoni. Kaniambia mwenyewe. Mimi sitaki kingine. Nataka wamtoe nimlaze vizuri."

Jumatatu mwalimu alivaa baibui lake la kutokea, akatia kalamu nyekundu mkobani, akaenda Mradini pamoja na wale wanne. Maiti haulizwi sanda, lakini getini pale waliulizwa vitambulisho. Walisema vimebaki chini, kwenye mifuko ya suruali zao. Mlinzi, mwanamke mmoja aitwaye Noela, akawaandika kwenye kitabu cha wageni, akawavalisha kadi za wageni shingoni, akawaomba wakung'ute vumbi kabla ya kukanyaga vigae.

Abdulwahab alisimama alipowaona. Alimwamkia mwalimu wake kwa heshima zote, akawapa pole wale wanne, mmoja mmoja, akaagiza viti viongezwe. Hakujifanya hawaoni. Mpaka leo mwalimu anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Nasibu alieleza kwa utulivu kwamba wako mita hamsini, njia ya kushoto, na kwamba mtu akichimba kutoka upande ule wenye mgomba wa jirani yao Chacha atawafikia kwa siku tatu. Abdulwahab aliandika yote hayo. Kisha akasema kwa bahati mbaya majina hayo hayamo kwenye daftari la duara, na ofisi yake hufuata maandishi. Mtu ambaye hakuandikwa kuingia hawezi kuandikwa kuwa yumo.

"Hawa hapa, Abdulwahab," mwalimu alisema. "Wamekaa mbele yako."

"Nawaona, mwalimu. Lakini nionyeshe kosa." Akasukuma taarifa kuelekea kwake. "Ukinionyesha kosa moja tu narekebisha sasa hivi."

Mwalimu akaisoma tena, mara tatu, ingawa aliijua. Angeipa mia kwa mia.

"Kiingereza chako hakina kosa. Ulichosema ni uongo."

"Uongo si kosa la lugha. Wewe mwenyewe ulitufundisha, mwalimu. Kalamu nyekundu haigusi sentensi iliyonyooka."

Ni kweli alikuwa amefundisha hivyo, miaka nenda miaka rudi, na fimbo akiwa nayo. Aliona haya, na haya ile ikageuka hasira, na hasira ikampa mkono imara. Alitoa kalamu akaikata taarifa kutoka pembe hadi pembe, mkato mmoja, kisha mwingine.

"Leo inagusa," alisema.

Abdulwahab hakukasirika. Alibonyeza kitufe, mashine ikatoa nakala nyingine, bado ina joto, naye akaigonga muhuri ikabandikwe ubaoni.

Jumamosi duara lilifukiwa. Malori ya Mradi yalimwaga kifusi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na watu wakasimama kutazama, wale wanne wakiwemo. Marwa alihesabu malori sitini na mawili. Mama Kulwa alilia kwa sauti, na Doto alimshika bega, na vumbi la mkono wake likabaki kwenye kitenge. Mama hajakifua kitenge hicho.

Jumatatu iliyofuata walifika darasani saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, wamechoka. Walisema kifusi kimeongeza njia. Mwalimu alitafakari, akasogeza kipindi mbele kwa nusu saa. Wanafunzi wengine hawakunung'unika.

Na tangu siku hiyo alibadilisha ufundishaji. Mwanafunzi akikosa, sheria yake ilikuwa arudie kuandika sentensi sahihi mpaka mwalimu aridhike. Sasa alisema taarifa ile imekosewa na darasa zima litafanya masahihisho. Kila siku, kabla ya jambo lolote, vijana wote waliandika upya, kwa Kiingereza safi, kwamba watu saba walikuwamo duarani na wanne hawajatolewa, na majina ya nyumbani ya wote saba chini yake. Karatasi iliyopendeza zaidi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo juu ya taarifa ya Mradi. Jioni mtu wa Mradi aliibandua. Kesho yake ikabandikwa nyingine. Umesh, ambaye kwa kawaida hakutaka ugomvi na wateja wakubwa, alianza kuacha boksi la gundi mlangoni mwa stoo. Nasibu alisema mwamba umeshawajua majina, kwa hiyo hakuna cha kuficha tena.

Mtihani ulifanyika uwanja wa mpira. Wale wanne walikwenda kama wengine, kwa kuwa walikuwa wamejiandikisha kabla ya ile Jumanne na namba zao zilikuwamo. Baada ya wiki mbili matokeo yalibandikwa. Marwa alipata ishirini kwa ishirini, Nasibu na Abdulshakur kumi na tisa kila mmoja, na Doto, aliyehangaika na "did not went" miezi mitatu, alipata kumi na sita. Walikuwa wamefaulu wote wanne. Orodha ilikuwa na majina yao kamili, majina matatu matatu, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, na ilisema waripoti kazini tarehe mosi. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Abdulwahab. Ilibandikwa kushoto. Kulia, kwenye ubao huo huo, taarifa ya duara iliendelea kusema watu watatu. Watu walipita, wakasoma kushoto, wakasoma kulia, wakaenda zao sokoni.

Tarehe mosi waliripoti getini. Noela alikuwa amewaandalia kofia ngumu nne na buti. Alikuwa amekisia namba za miguu na hakukosea.

"Tutaanza kazi mkishatutoa," Nasibu alimwambia.

Noela akasema ujumbe huo ni mzito kwake. Akawauliza kama wanataka kuacha maandishi. Abdulshakur aliandika mistari minne, mwalimu, aliyewasindikiza, akaipitia wima pale pale getini, hakupata pa kutia wino, akaitia alama ya vema. Jibu lilikuja ndani ya siku tatu. Liliwashukuru kwa nia yao ya kufanya kazi na Mradi, likawaarifu kwamba kwa kuwa hawakuripoti kwa wakati nafasi zao wamepewa wengine.

Hapo ndipo Mama Kulwa alipoiacha ndoo yake nje, akaingia ndani ya stoo, akakaa benchi la nyuma kati ya Doto na Marwa. Hakujua kusoma. Alimwambia mwalimu hahitaji sentensi ishirini, anahitaji moja, ile ya kuwaambia wenye magari yale meupe kwamba mwanawe yumo mle chini. Walikaa naye siku sita. Doto ndiye aliyemfundisha zaidi, akimrudisha neno kwa neno, akicheka taratibu kila ulimi wa mama ulipoteleza, na mama akicheka naye. Yule mama hakuwa amecheka tangu malori.

Siku ya saba alikwenda getini asubuhi, saa ya magari ya wakubwa kuingia. Alivaa kitenge kile chenye alama ya mkono. Doto alisimama nyuma yake amemshikia mwavuli, kwa sababu jua la Lwamabwe halina adabu. Gari la kwanza lilipopunguza mwendo, Mama Kulwa alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitambo: "My son he is down there." Gari likapita. Akalisemesha la pili, na la tatu. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Wazungu wengine walimpungia mkono.

Siku ya nne ya kuja kwake, gari la Abdulwahab lilisimama. Alishuka akafunga mlango, akavuka barabara, viatu vyake vikashika vumbi. Mwalimu Mwaisha alikuwa pale, na wale wengine watatu, na Noela ndani ya kibanda chake. Abdulwahab aliinama kidogo mbele ya yule mama, akampa shikamoo, akaitikiwa. Akamtazama Doto, Doto akamtazama.

"Mama, hapo katikati umeongeza neno," alisema kwa upole. "Sema, *My son is down there*. Hapo itakuwa sawa."

Kisha akarudi garini.

"Wabeja, bhabha," alisema Mama Kulwa. Akakohoa, akaweka sawa kitenge, akaisema kama alivyoelekezwa, bila kosa hata moja, akairudia, akairudia, wala hakushusha sauti geti lilipofunguliwa, wala lilipofungwa.