Nyuki wa Shangazi Kizimbani

Aliyewashtaki nyuki wa Shangazi ni fundi baiskeli, jirani waliyepakana naye mashamba. Migomba yake ilikuwa inanyauka: majani yamegeuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukizikata, ndani zina doa la kahawia.

"Mizinga yako ndiyo inayotumaliza," alisema. "Iondoe, au nitaichoma mwenyewe."

Shangazi akampigia simu binti wa kaka yake, mtafiti wa magonjwa ya migomba. "Mwanangu, njoo uwatetee hawa wadudu wangu."

Mtafiti alifika na begi la vifaa. Alikata kipande cha shina la mgomba mgonjwa, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji. Wote watatu wakainama kutazama. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka taratibu.

"Hao ni bakteria," alisema. "Ni mnyauko."

"Na wanaletwa na nyuki?" fundi aliuliza.

"Sijui."

"Kusoma kote huko, hujui?"

"Zuia moto wako kidogo, baba. Tuwaulize nyuki wenyewe."

Kwenye migomba iliyokuwa bado mizima, maua mengine aliyafunika kwa mifuko ya chandarua, mengine akayaacha wazi. Kwa mingine alisubiri chane ya mwisho itoke, kisha akalivunja lile ua dume jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Panga halikutoka mgomba mmoja kwenda mwingine bila kupitishwa motoni. Mwishowe alinasa nyuki kadhaa, akawasuuza, na yale maji akaenda kuyapima maabara.

Aliomba moyoni yatoke safi. Hayakutoka safi. Migomba iliyofunikwa ilistawi. Iliyoachwa wazi, karibu yote, ikaanza kunyauka.

"Shangazi, wanaubeba."

Shangazi akauliza, "Lakini nyuki hana kisu. Anauingizaje ndani?"

"Vijiua vya ua dume vikidondoka, vinaacha vidonda kwenye kikonyo. Nyuki anatua palepale, miguu imeshabeba ugonjwa. Ila ile migomba niliyoivunja ua hilo haikuugua hata mmoja, na haikufunikwa. Nyuki hawana la kufuata pale."

Fundi alikuna kichwa. "Yaani dawa ni kuvunja ua tu?"

"Kwa kijiti chenye panda, siyo kisu; kisu nacho hubeba ugonjwa. Na migomba iliyougua uing'oe yote."

Ilimuuma, maana ilikuwa karibu nusu ya shamba. Lakini aling'oa, na Shangazi akashika jembe kumsaidia. Neno la kuchoma mizinga halikusikika tena. Shangazi alipanda alizeti mpakani, nyuki wapate pa kwenda.

Siku ya kufunga kazi, mtafiti alisimama mbele ya mgomba mmoja wa fundi. Ua lake liliachwa wazi tangu mwanzo, nao ulikuwa kijani kibichi. Akainua kikonyo: vijiua vilikuwa vimekauka, lakini vyote vimeng'ang'ania palepale. Hapakuwa na kidonda hata kimoja.

"Mbegu ya huu uliitoa wapi?" alimuuliza fundi.

"Kwa mama mkwe wangu. Lakini yule mama ana maneno, mwanangu! Hata mimi namwendea kwa kunyata."

Mtafiti alikuwa ameshabeba begi. "Twende," alisema. "Wewe tangulia."