Pumzi za Kirikuu

Tumainieli alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mmoja, Dar hadi Lubumbashi na kurudi, na kama kuna jambo alilokuwa na uhakika nalo duniani ni hili: gari ni nguvu, mengine yote ni mapambo. Lori lake la mwisho lilikuwa na nguvu za farasi mia nne na ishirini, na namba hiyo aliitaja kama wengine wanavyotaja vyeo vya watoto wao. Sasa amestaafu, amerudi Mhezi, kijijini kwao juu mlimani, na uani kwake inalala kirikuu.

Hicho kigari cha mizigo, chenye bodi nyuma na injini chini ya kiti, kilikuwa cha mke wake. Asteria alikinunua kwa pesa za tangawizi yake mwenyewe, na alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na minne, wala hakumwambia mumewe mpaka leseni ilipotoka. Nguvu za farasi hazikufika hata hamsini. Tumainieli alipoambiwa, aliuliza mbele za watu kama hao farasi wameshapewa majani. Watu walicheka, Asteria naye akacheka, kisha akapakia mzigo wake akaondoka. Tangu siku hiyo mzee hakuwahi kukanyaga ndani ya gari lile. Akiwa na safari ya kushuka mjini Same alitafuta bodaboda.

Tusimwonee lakini. Mwenzetu alikuwa na jambo lake moyoni. Tangu aliporudisha funguo za lori hakuwahi tena kuionja raha ya usukani, na alianza kuogopa kwamba imekwisha, kwamba aliyebaki ni mzee tu mwenye leseni. Ndiyo maana alipokutana Same na Ibrahimu, aliyekuwa na V8 nyeusi na alikuwa tayari kuibadilisha kwa kirikuu pamoja na nyongeza, alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Alimweleza mkewe kwamba mzigo utabebwa vilevile, tena kwa heshima.

Asteria alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alisema funguo atazitoa, ila kwa sharti moja: mumewe apande naye mara moja tu, kutoka Same mpaka nyumbani, gari likiwa na mzigo. Ibrahimu aje nyuma na V8 yake, na makabidhiano yafanyike uani. Tumainieli alikubali haraka, maana aliona amepata kwa bei rahisi.

Basi Jumamosi, saa nne asubuhi, alijikunja kwenye kiti cha abiria, magoti yakigusa dashibodi, mifuko saba ya saruji nyuma yake. Alivaa viatu vyake vya ngozi, vya kusainia mambo makubwa. Huku chini jua lilikuwa kali na vumbi limetanda juu ya miiba. Kwenye kioo aliiona V8 imetulia, inawafuata bila haraka.

Kabla mlima haujaanza kuna kipande cha barabara kilichonyooka. Hapo Asteria alikanyaga mafuta mpaka chini. Injini ililia chini ya makalio ya Tumainieli, naye akashika mlango. Alitaka kusema kwamba gari haliharakishwi kuelekea mlimani namna hiyo. Lakini kigari kilikwisha kuuanza mlima kwa kasi ile ile kiliyoikusanya, na kasi ilipoanza kupungua, kabla haijapungua vya kutosha kwa dereva mwingine kugutuka, mkewe alikuwa ameshaingiza gia ya pili.

Kona ya kwanza ikaja. Mvua za juzi zilikuwa zimechimba mifereji katikati. Asteria hakupita katikati. Alipeleka gurudumu la kushoto pembeni kabisa, juu ya ukingo, mahali ambapo Tumainieli aliona majani tu, akasubiri gari lizame. Halikuzama. Chini ya majani kulikuwa na jiwe. Kona ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, na mguu wa yule mama haukutoka kwenye mafuta. Kila nguvu iliyokuwamo ndani ya kile kigari ilikuwa kazini, hakuna hata farasi mmoja aliyeachwa zizini. Mshale wa mwendo ulisoma thelathini na tano. Tumainieli aliwahi kukimbia tisini katika nyanda za Zambia huku akipiga miayo, na sasa, kwa thelathini na tano, moyo ulikuwa unamdunda na mdomo umemkauka.

Akamuuliza amejuaje kwamba pale kuna jiwe.

"Hapo ndipo nilipokuwa nakanyaga," Asteria alisema.

Hakuelewa. Ikabidi aelezwe, vipande vipande, kati ya kona na kona. Miaka yote ile, kabla ya gari, tangawizi ilishuka kwa kichwa na unga ukapanda kwa kichwa. Barabara hii aliijua kwa nyayo. Alijua panapoteleza na panaposhika, alijua wapi mlima unadanganya kwamba umekwisha.

"Mimi sikuwa na nguvu nyingi, Baba Loth, na hii haina. Kwa hiyo naipandisha nilivyokuwa najipandisha. Nachukua kasi chini. Katikati sisimami. Nikifika pale nilipokuwa natua mzigo, napumzika kidogo, halafu naanza tena."

Tumainieli akatazama mbele. Wakafika kwenye tambarare ndogo chini ya mti mmoja, na hapo kweli mkewe aliweka tena gia ya tatu, injini ikashusha sauti, ikapumua. Kisha ya pili tena, na mlima. Akaanza kuhesabu zile tambarare. Zilikuwa kumi na moja. Mara kumi na moja mwanamke huyu alitua mzigo na kuujitwika tena, wiki baada ya wiki, yeye akiwa mpakani Tunduma kwenye foleni ya malori anasifia injini. Alikuwa akituma matumizi na kudhani unga unajipandisha wenyewe. Aibu ilimshika, lakini mshangao ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Hajawahi kuona dereva wa namna hii. Miaka thelathini na mmoja, nchi tatu, na dereva bora kuliko wote alikuwa nyumbani kwake, anamkaangia ndizi.

Hewa ikawa ya baridi, migomba ikatokea, na mbele safu ya Shengena ikaonekana imevaa wingu. Kwenye kona mbili za mwisho, zile zinazofuatana kama herufi ya S, Asteria alikanyaga tena mpaka chini, kigari kikaruka kidogo, naye akacheka kwa sauti, peke yake, kama msichana. Tumainieli aligundua kwamba na yeye anacheka.

Walipofika uani, V8 ikaingia nyuma yao, kimya. Ibrahimu akashuka, shati lake halina hata kunyanzi, simu mkononi. Alimwamkia mama shikamoo, akaligonga boneti la V8 yake kwa kiganja.

"Mzee, hii ndiyo gari," alisema. "Nimepanda mlima wote naongea na simu. Barabara huisikii kabisa. Sijui hata nimefikaje."

Alisema kweli tupu, na alisema kwa kusifia. Tumainieli aliitazama ile V8, akamshukuru Ibrahimu kwa safari yake, akamwomba radhi kwamba hawatabadilishana tena, akamkaribisha chai. Ibrahimu alipokwisha kuinywa akaondoka zake.

Asteria alikuwa anashusha saruji. Funguo za kirikuu alikuwa ameziweka juu ya bodi, mahali pa kuonekana, kama alivyoahidi. Tumainieli alizichukua, akazishika kidogo, akamrudishia.

"Nifundishe," alisema.

Mkewe akafuta mikono kwenye kanga. Alimtazama usoni, kisha akashusha macho mpaka kwenye vile viatu vya ngozi.

"Tafuta viatu vingine basi," alisema. "Kesho kutwa tunashuka kwa miguu."