Sehemu ya Saba ya Sayari ya Chumvi

Baba mdogo alifika kazini kwangu Jumatatu asubuhi, kavaa suti na miwani myeusi, akamwambia mlinzi wa getini kwamba yeye ni Kamanda. Mlinzi, ambaye nina masweta ya umri wake, alipiga simu chini kuuliza kama tunatarajia mgeni kutoka jeshini. Nilipanda ngazi kwenda kumchukua. Saa tatu ilikuwa haijafika na mimi nilikuwa nimeshachoka.

Jeshini hajawahi kukanyaga. Alikuwa karani wa posta, na miaka thelathini na mitano iliyopita aliigiza kamanda wa chombo cha anga katika tamthilia ya televisheni iliyoitwa Sayari ya Chumvi, sehemu kumi. Tangu hapo jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mama mdogo, mkewe, alimwita Kamanda, hasa alipotaka atoe takataka.

Mimi ni mtunza kanda. Chumba changu kiko chini kabisa kwenye jengo la kituo cha televisheni, hakina dirisha, kina rafu hadi darini na mashine mbili za kuchezea kanda. Moja imekufa, nyingine inafanya kazi ikijisikia. Kazi hii alinitafutia yeye, mwaka uleule wa tamthilia yake, kwa hiyo alipokaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa nilimwachia.

"Daktari wa macho kasema kama kuna kitu nataka kukiona, nikione sasa," alisema. "Mwezi mmoja, miwili. Pembeni kumeshakwenda. Naona hapa katikati tu, na hapa penyewe pana ukungu."

"Pole sana, baba."

"Pole weka. Nataka kuangalia Sayari ya Chumvi. Yote, kwa mpangilio. Lakini hasa ile ya saba."

Nilijua atasema ya saba. Mama mdogo ndiye aliyewashonea mavazi wale waigizaji wote, na siku ya kurekodi sehemu ya saba, dada aliyepangiwa kuwa Malkia wa Chumvi hakutokea. Gauni lilikuwa limeshonwa, taa zimewashwa, watu wamekasirika. Mama mdogo akaambiwa avae yeye. Hakuigiza tena maishani mwake, na mwaka huu ni wa kumi na moja tangu tumzike.

"Picha ninazo, sanduku zima," baba mdogo aliendelea. "Lakini picha haitembei. Mama yako mdogo alikuwa na mwendo wake, na unanitoka. Naamka asubuhi nautafuta kichwani, siupati."

Nikamwambia nitaitafuta. Nilisema hivyo nikimtazama usoni, na nilikuwa najua vizuri kanda ya sehemu ya saba iko wapi. Ilikuwa kwenye droo yangu ya chini, nyuma ya sweta na dawa za mgongo, na ilikuwa imefutwa. Niliifuta mimi.

Zamani kanda zilikuwa adimu, tukizitumia tena na tena. Hatukuandikiana karatasi. Utaratibu ulikuwa mmoja: sanduku la kanda likisimamishwa kichwa chini juu ya meza ya kurekodia, maana yake kanda hiyo ni huru, fundi achukue, arekodi juu yake. Hakuna aliyeuliza maswali. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwaga chai juu ya meza hiyo, ikalowesha ukingo wa juu wa sanduku la sehemu ya saba. Nikaligeuza kichwa chini ili chai ichuruzike isifikie maandishi. Nikasema litakauka kidogo nilirudishe kwenye rafu, kisha nikapiga soga, kisha nikaenda nyumbani. Asubuhi nilipofika, fundi alikuwa ameshamaliza kurekodi juu yake kipindi cha ufugaji wa kuku. Alifuata utaratibu. Nikaficha kanda na nikafunga mdomo, na kila siku mama mdogo aliponikaribisha mezani kwake nilikula nikiwa na kitu kifuani.

Basi tukaanza kuangalia, sehemu mbili kwa siku, yeye akiwa amesogeza kiti hadi pua inakaribia kioo.

Sijui kama umewahi kurudia kitu ulichokipenda ukiwa kijana. Mimi niliwahi kuamini ile tamthilia ni ya kutisha. Sasa nilimwona seremala wa kituo akitembea ndani ya boksi lililopakwa rangi ya fedha, akiitwa roboti, huku soksi zake zinaonekana. Vitufe vya chombo cha anga vilikuwa vifungo vya koti vilivyogundishwa kwenye trei za mayai. Sayari yenyewe ilikuwa ghala, na mlima uliokuwa nyuma ulipumua kila mara mtu alipofungua mlango. Baba mdogo kila baada ya dakika tano alitangaza kwamba wakati ujao umewadia. Wakati ujao wenyewe ulikuwa mwaka ambao umeshapita siku nyingi. Mwaka huo, kwenye tamthilia, watu wanahamia sayari nyingine. Mwaka huo mimi nilihamia nyumba ya kupanga yenye bomba la maji nje.

"Tulikuwa wabaya sana," alisema Jumanne, bila huzuni.

"Wewe ulikuwa afadhali."

"Usinipake mafuta. Nilikuwa mti."

Jumatano tulimaliza sehemu ya sita. Nilipokuwa nairudisha kwenye sanduku lake, akaanza kucheka peke yake.

"Kesho utaona," alisema. "Mama yako alishona kila kitu isipokuwa viatu. Malkia ana gauni la kuburuzika, miguuni hana kitu, na sakafu ya ghala imejaa misumari. Nikamvulia vyangu. Vyeusi, vya posta, namba kumi na moja. Kamanda akasimama pekupeku sehemu nzima, na mpiga picha akaambiwa anichukue kuanzia kiunoni kwenda juu. Yeye anaburuza viatu kama mtu anayevuka matope, na anajitahidi kuwa malkia!" Akavua miwani, akafuta macho. "Pale anapofunua uso, ananiangalia hivi, karibu acheke. Hapo ndipo nataka."

Usiku sikulala vizuri, na Alhamisi nikampiga chenga. Nikasema mashine imepata joto. Ijumaa nikasema ninaisafisha. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini, akaniuliza kwa upole kama anaweza kusubiri tu hapo hapo. Ule upole ndio ulionimaliza. Nilikuwa nimechoka na kazi, nimechoka na mgongo, lakini zaidi nilikuwa nimechoka kuubeba huu uongo na kuupangusa vumbi.

Nikafungua droo, nikaweka kanda mbele yake, nikamwaga kila kitu. Chai, sanduku, kuku. Sikujitetea, ingawa nilitaka.

Akapapasa kanda kwa vidole.

"Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na mama yako alipokufa, nilipokuomba, ukaniambia stoo inapangwa upya."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na moja stoo inapangwa."

Alisimama, akagonga kona ya meza kwa nyonga, nikanyoosha mkono kumshika akaukataa. Alipanda ngazi mwenyewe, akishika ukuta. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yangu na inanihusu mimi.

Mwisho wa juma alizima simu. Jumatatu nilifika mapema, nikaweka ile kanda kwenye mashine. Sikuwa na matumaini yoyote. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuicheza, nilichungulia mwanzo tu nikaona banda, nikatoa. Sasa niliona ni haki yangu kukaa na kuku hadi mwisho, kama adhabu.

Bwana mmoja mwenye kaunda suti alieleza kuhusu ugonjwa wa kideri. Alieleza kuhusu chanjo. Alimshika jogoo miguu, akamgeuza, akamwongelea kana kwamba jogoo hayupo. Dakika ishirini na mbili. Akaaga, muziki ukapigwa, kioo kikaingia chenga nyeupe, nami nikanyanyua mkono kuzima.

Halafu ghala likatokea.

Ilinichukua muda kuelewa, nami ni mtunza kanda, aibu gani. Kipindi cha kuku kilikuwa kifupi kuliko tamthilia. Fundi alirekodi hadi kuku wakaisha, akasimamisha. Kilichobaki nyuma yao hakuna aliyekigusa, dakika tatu na nusu. Malkia alikuwa ameshafunika uso wake, kitambaa cha fedha kutoka utosini hadi kidevuni. Aliinua mkono kumuaga Kamanda, akageuka, akapanda ngazi za ghala polepole, gauni limeshikwa juu kidogo, na chini ya gauni viatu viwili vikubwa vyeusi vikigonga na kuburuzika, vikigonga na kuburuzika.

Kwa kuwa simu yake ilikuwa bado imezimwa, nilikwenda nyumbani kwake. Sikumweleza mengi pale mlangoni. Nilimwambia nimebakiwa na dakika tatu na nusu, uso haumo. Akaenda kuvaa suti.

Njiani aliukataa tena mkono wangu. Nilimkalisha karibu na kioo, nikawasha. Kwanza aliinamisha kichwa huku na huku akitafuta ile sehemu ya jicho inayoona. Malkia alipogeuka na kuanza kupanda, kichwa kikatulia.

"Viatu vyangu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ndiye. Ndiye huyo. Tazama anavyolitupa bega, anaogopa kuanguka lakini hataki waone." Tulingoja hadi mlango wa juu wa ghala ukafungwa. "Na uso?"

"Uso umefutika. Ulikuwa chini ya kuku."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea barua.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Rudisha."

Nikarudisha. Malkia akashuka kinyumenyume, akaaga, akapanda tena. Baba mdogo aliweka mkono juu ya goti na kuanza kugonga kwa kidole, kila kiatu kinapotua. Rudisha. Mara za kwanza alikosea, alichelewa, alitangulia. Rudisha. Nilisahau kula. Ilipofika kama mara ya kumi na mbili nikamtazama yeye badala ya kioo, nikaona amefumba macho, na kidole kinatua kila hatua mahali pake, hata pale ngazi ya nne ambapo kiatu cha kulia kinataka kumtoka naye anasita kidogo kukikamata kwa vidole.

Mashine ilikuwa imeanza kunuka moto kweli. Sikumwambia. Nilirudisha tena.