Shuka za Fainali ya Munich

Shuka zangu zilikuwa safi, kavu, zimepigwa pasi, zimelala kabatini. Mume wangu Bepo akazitoa, akazitia kwenye beseni la kuogea, akazilowesha chapachapa. Kisha akanibebesha zote mikononi, maji yakinichuruzikia miguuni.

"Fila, kaanike."

"Nianike nini? Si nimezifua juzi!"

"Nusu fainali ulikuwa dirishani unaanika shuka, tukashinda. Leo fainali. Usituletee balaa, mke wangu, nakuomba."

Sisi watu wa mji wa Split ndivyo tulivyo. Timu yetu ya mpira wa kikapu ikicheza, kila mtu anarudi pale pale alipokuwa siku ya ushindi, anafanya kile kile alichokuwa akifanya. Shemeji yangu Špiro, mdogo wake Bepo, alishafika sebuleni mapema, kakaa juu ya kigoda, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu, kwa sababu nusu fainali alikaa hivyo. Mafua yamemshika, anapiga chafya mpaka vioo vinatikisika, lakini ile kandambili ya pili hataki hata kuiona.

Haya, ya Špiro ni yake. Lakini mimi! Anayecheza ni mwanangu mimi! Jakša, mtoto wetu wa pekee, wa mwisho kabisa kwenye benchi, yuko Munich kwenye fainali ya klabu bingwa Ulaya, na timu ya vijana watupu ambao hakuna aliyewadhania kufika huko. Siku anaondoka alinikumbatia mlangoni. "Mama, kocha akiniingiza hata dakika moja, uniangalie. Nikichezewa faulo nikapewa mtupo huru, nitavuta soksi kabla sijarusha. Ujue nakusalimia wewe." Tangu utoto soksi zake zinateremka, na kila mechi mimi humpigia kelele kutoka jukwaani avute soksi. Nikamwahidi kwamba nitamwangalia.

"Bepo, nimemwahidi mtoto."

"Utaona marudio kesho."

"Marudio! Mimi nimezaa marudio?"

"Shemeji," Špiro akadakia, "ile mechi ya mwezi uliopita si uliingia na sinia ya kahawa, tukachapwa vikapu mfululizo? Kahawa ilikuwa tamu, sikatai. Lakini una mkosi."

"Mkosi ni hiyo pua yako. Ifute!"

Bepo akanisukuma taratibu, kwa adabu zote, mpaka jikoni, akafunga mlango kwa ufunguo. Jikoni kwangu mwenyewe! Nilipiga mlango teke, nikajiumiza kidole. Sikujua nilie au nicheke, basi nikatukana.

Dirisha la jikoni linatazamana na la Perina, jirani yangu mjane. Uchochoro ni mwembamba, na kamba ya nguo ni moja, inazunguka kwenye vigurudumu viwili, kimoja kwangu, kingine kwake. Akatoa kichwa.

"Shoga, unaanika jioni hii?"

"Usiniulize."

"Wamekufungia?"

"Wamenifungia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona uso wangu, akaacha. "Ngoja," akasema, akaingia ndani, akaiburuta televisheni yake mpaka ikatazama dirishani. Nikaiona! Wachezaji ni wadogo kama maharagwe, lakini nawaona.

"Fila!" Bepo akapiga kelele nyuma ya mlango. "Sisikii kigurudumu kikilia! Anika!"

Yaani alikuwa anasikiliza! Nikaanika shuka ya kwanza, nikavuta kamba, kigurudumu kikalia, shuka ikaenda kusimama mbele ya televisheni. Nikavuta tena, ikapita, ikafuata ya pili. Mechi nzima niliiona hivyo, kipande kipande. Tukifungwa naona, tukifunga shuka imeziba.

Dakika za mwisho tulikuwa mbele kidogo tu. Mchezaji wetu mmoja akatolewa kwa faulo nyingi. Perina akapiga ukelele.

"Fila! Wako huyo! Anavua koti!"

Nikavuta kamba. Imekwama. Shuka kubwa kuliko zote, ile ya harusi yangu, imesimama katikati kabisa, na nyuma yake najua mwanangu anaingia uwanjani. Nikavuta kwangu, Perina akavuta kwake. Wapi!

"Wamemchezea faulo! Anaenda kurusha! Fila, mtupo huru!"

Nikachukua kisu cha samaki, nikakata kamba.

Shuka zote zikaporomoka uchochoroni. Nikamwona Jakša wangu amesimama peke yake na mpira. Akaudundisha, akausimamisha. Akainama, akavuta soksi ya kushoto. "Nimekuona!" nikapiga kelele. "Mwanangu, nimekuona!" Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Muda si muda mechi ikaisha, tumeshinda, mji mzima ukalipuka, watu wanagonga sufuria madirishani, Perina analia, nami nalia na kisu mkononi.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Alikuwa Špiro, na kandambili yake moja. Nikamuuliza Bepo yuko wapi.

"Chooni. Jakša aliposimama tu kwenye benchi, akakimbilia huko, akajiziba masikio."

Bepo akatokea nyuma yake, mweupe kama chokaa. "Niliogopa," akasema. "Ningemwangalia angekosa. Fila, alivuta soksi?"

"Kaokote shuka zangu kwanza."

Akashuka. Akarudi amezikumbatia zote, zina tope na alama za viatu vya watu waliokuwa wakicheza ngoma juu yake.

"Alivuta?"

"Alivuta."

"Ipi?"

"Ya kushoto."

Akakaa sakafuni na lile furushi la maji mapajani, akaficha uso ndani yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Ndipo simu ikalia.

"Mama! Uliniona?"

"Nilikuona, roho yangu. Soksi na vyote."

"Na baba je? Aliniona?"

Bepo akainua uso, akanitazama. Nina hasira naye mpaka leo, Mungu anajua.

"Alikuona," nikamwambia mtoto. "Si unamsikia anavyolia?"