Jina Lililomtangulia Lineo

Jumamosi ile 'Malineo alitoka nyumbani akiwa amekwisha kukubali kunyang'anywa jina lake.

Kwetu Lesotho jina humtangulia mtoto. Bibi harusi akipokewa kwa wakwe huchinjiwa kondoo, na akishakula nyama hiyo wanawake wa nyumba humvika blanketi na kumwambia yeye sasa ni 'Ma-fulani, yaani mama wa fulani. Huyo fulani bado hajazaliwa, na hakuna anayejua kama atazaliwa. Lakini kuanzia siku hiyo mwenye duka, padri na watoto wa shule humwita mwanamke kwa jina hilo, na mtoto atajua mwenyewe atafika lini.

Wengi hufika mapema. Lineo hakufika. 'Malineo alikuwa mama wa Lineo mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba, na nyumba ilibaki na watu wawili, tena mmoja wao, Motlatsi mumewe, alikuwa mgodini ng'ambo ya mpaka, akirudi mwisho wa mwezi tu. Tatizo ni kwamba Lineo lilikuwa jina la marehemu bibi yake Motlatsi mzaa baba, na ukoo mzima ulikuwa unasubiri kuliita tena uani. Kisha Pheello, mdogo wake Motlatsi, akapata mchumba kutoka Mafeteng, na mchumba akaja na tumbo tayari.

Mama mkwe, 'Mamotlatsi, alikuja mwenyewe kuzungumza. Alimkuta mkwewe akinyonyoa kuku.

"Mwanangu, jina linaozea ndani."

"Basi lichukueni, mama," 'Malineo alijibu bila kuinua macho. "Mpeni huyo wa Mafeteng. Mimi halijanifaa kitu."

"Hujakasirika?"

"Nina kuku wanne wa kunyonyoa. Nitakasirika saa ngapi?"

Motlatsi alipoelezwa kwa simu aliuliza habari za kuku mpaka salio likaisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi ile, siku ya kumpokea bibi harusi wa Pheello. 'Malineo alijifunga blanketi lake la kahawia lenye michoro ya magunzi ya mahindi, lile alilovishwa siku alipopewa jina, akashuka kwenda kwa wakwe. Njia ya mkato inapita mtoni, juu ya mawe. Kila mtoto wa bonde lile hufundishwa kwamba kabla hujakanyaga jiwe la kwanza, tazama milima. Huku chini jua linaweza kuwaka na kule juu mvua ya mawe inamwagika, na maji yakishuka hayapigi hodi. 'Malineo mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake hivyo katika somo la kilimo. Lakini siku hiyo hakutazama milima. Alikuwa anatazama viatu vyake na kupanga uso atakaouvaa mbele ya watu.

Mguu mmoja ulikuwa juu ya jiwe aliposikia anaitwa.

"Mama! We mama! Unakwenda wapi bila mimi?"

Haikuwa sauti ya malaika. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, kubwa, kavu, iliyojaa lawama, kama ya mtu aliyeachwa dukani. Ilitoka nyuma yake, juu ya ukingo.

'Malineo aligeuka. Aliona njia, mishubiri na punda wa jirani. Hakuona mtoto.

Yeye hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alichofikiri ni kwamba kuna mtoto wa mtu amepotea karibu na maji, na mama yake ni mzembe. Akaondoa mguu kwenye jiwe, akapanda ukingo. Akatazama nyuma ya mishubiri, akatazama korongoni, akaita, "Uko wapi, wewe? Toka!" Punda akamtazama. Alikuwa angali anainama kuchungulia chini ya kichaka aliposikia ardhi inanguruma.

Maji yalipita yakiwa ya udongo, marefu kuliko mtu, yamebeba mti mzima na kondoo aliyekufa. Yale mawe ya kuvukia hayakuonekana tena.

'Malineo alikaa chini palepale. Alijipapasa magoti kama vile anahakikisha bado anayo. Kisha akasema kwa sauti, "Asante." Akangoja. Hakuna aliyeitikia, na hilo likamuudhi kidogo, kwa sababu alilelewa kwamba mtu akikushukuru unajibu.

Ndipo maneno yenyewe yalipomfikia. Bila mimi. Mtoto hakusema angalia maji, wala hakusema rudi. Alisema unakwenda wapi bila mimi. Na 'Malineo alijua vizuri sana alikokuwa anakwenda.

Akainuka akakimbia kuelekea darajani.

Pale darajani alimkuta Mwalimu Lebusa ameegemea pikapu yake nyeupe, anatazama mafuriko kwa furaha kama mtu aliye uwanjani. Lebusa alifundisha fizikia shule moja na 'Malineo, na katika chumba cha walimu hakuna aliyemtania Lebusa kuliko 'Malineo. Lebusa akisema kwamba mbali na urefu, upana na kimo, wanahisabati wanadhani kuna vipimo vingine vya ulimwengu vilivyokunjwa vidogo hata havionekani, 'Malineo humjibu, "Vikunjue, Mwalimu, tuvianikie nguo." Na walimu wote hucheka.

"Mama 'Malineo! Umeona nguvu ya maji hayo?"

"Nimeyaona kwa karibu mno. Nipeleke kwa wakwe zangu. Sasa hivi."

"Naam, mama. Kuna msiba?"

"Bado. Endesha."

Pikapu ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Walikuwa wamevuka daraja 'Malineo alipofungua mdomo, na alifungua kwa shida.

"Mwalimu. Ile habari yako ya wakati."

Lebusa alimtupia jicho. "Ipi? Ile uliyosema niipeleke kwa waganga?"

"Hiyohiyo. Irudie. Na usicheke."

"Sicheki. Ni hivi: wako wataalamu wanaosema wakati haupiti. Umetandazwa, kama nchi. Wewe sasa uko hapa, huioni Mokhotlong. Je, Mokhotlong haipo?"

"Ipo. Dada yangu anakaa huko."

"Basi na kesho ipo hivyohivyo. Mwaka kesho upo. Watu wake wapo, wanapika, wanagombana. Sisi tu hatujafika."

"Na mtu wa huko anaweza kupiga kelele, wa huku akasikia?"

Lebusa alipunguza mwendo. "Hapo ndipo wanapogombana. Wengi watakwambia haiwezekani. Wengine wanasema labda kuna mahali nchi hiyo imejikunja, pande mbili zikagusana. Hesabu hazikatai, lakini hakuna aliyewahi kupaona. Ni nadharia, mama. Siwezi kukudanganya." Akamtupia jicho tena. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kanyaga mafuta, Mwalimu, nitakwambia siku nyingine."

Walipofika, harufu ya nyama ilikuwa imejaa uani na wanawake walikuwa wamekwisha kupiga vigelegele vya kwanza. Bibi harusi alikaa mkekani nyuma ya mlango, msichana mnene wa mashavu, sahani ya mifupa mbele yake. 'Mamotlatsi alikuwa amesimama na blanketi jipya mikononi, tayari kumvika na kulitamka jina.

"Mama, ngoja!"

Watu wakageuka. 'Malineo alisimama mlangoni, matope mpaka magotini.

"Umechelewa," alisema 'Mamotlatsi. "Na angalia viatu unavyoniingizia."

"Viatu nitavua. Jina silitoi."

Shangazi mmoja wa pembeni akaguna. "Amekunywa huyu?"

"Sijanywa, shangazi, ila nitakunywa baadaye."

'Mamotlatsi alishusha blanketi. "Binti, ulilitoa mwenyewe. Kwa mdomo wako. Mbele ya kuku."

"Nililitoa kwa uchungu nikajifanya sina. Nisamehe, mama. Lakini mwenyewe amekataa."

"Mwenyewe nani?"

"Lineo. Ameniita pale mtoni. Kama si yeye sasa hivi ningekuwa nasafiri na kondoo wa watu kwenda baharini."

Watu wakasogea karibu. Hata aliyekuwa akikoroga sufuria aliacha mwiko.

"Amesema nini?" 'Mamotlatsi aliuliza polepole.

"Ameniuliza ninakwenda wapi bila yeye."

"Kwa sauti ya namna gani?"

"Kubwa. Ya ugomvi. Kama vile nimemkosea."

Mama mkwe alikaa juu ya gunia la unga. Alikuwa mwanamke mgumu. Watu walisema hata kwenye msiba wa mumewe alisimamia hesabu ya vikombe. Sasa blanketi jipya lilimteleza mapajani asilione.

"Mama mkwe wangu alikuwa na sauti hiyo," alisema. "Akikuita ukiwa bonde la pili, unadondosha ndoo. Huyo ni yeye. Wazee wetu wamekuja kukutoa majini."

'Malineo alifikiri juu ya mtoto aliyeachwa dukani, na juu ya nchi iliyojikunja ya Mwalimu Lebusa aliyekuwa mlangoni amevua kofia. Hakubisha. "Awe yeyote, mama, mimi nimeshukuru. Lakini sitamwambia tena aniache. Wewe ulipoitwa 'Mamotlatsi, Motlatsi alikuwa wapi?"

"Hakuwapo. Nilimsubiri miaka mitatu, na walianza kunitazama vibaya."

"Basi unajua."

'Mamotlatsi alimkazia macho. "Najua," alisema kwa hasira kidogo, kama mtu aliyekumbushwa kitu alichokificha vizuri. Akamgeukia bibi harusi. "Na wewe sasa nikupe jina gani? Nimebaki na blanketi tupu."

Bibi harusi akafuta mafuta mdomoni. "Mimi nilitaka Palesa tangu mwanzo, mama. Ila hakuna aliyeniuliza."

Watu wakaangua kicheko, na cheko la 'Mamotlatsi ndilo lililokuwa kubwa. Msichana akavikwa blanketi akaitwa 'Mapalesa, na 'Malineo akapiga kigelegele mpaka koo likamuuma. Lebusa alipewa ubavu wa kondoo, akala bila kuuliza swali.

Lineo hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Palesa alizaliwa, akatambaa, akaanza kuvunja vyombo. Watu walioamini habari ya mtoni wakaanza kuisimulia kwa kupunguza sauti, kisha wakaacha. 'Malineo hakuacha. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza, alimpelekea Lebusa kuku.

"Wa nini huyu, mama?"

"Wa lifti."

"Lifti ile nimekwisha kulipwa kuku wangapi?"

"Kula, Mwalimu, usihesabu."

Kisha Lineo akaja, kwa wakati wake mwenyewe, akiwa na kilo za kutosha na mapafu ya kuzidi. Mkunga alisema hajapata kusikia kilio kama kile. 'Malineo alilikata lile blanketi la magunzi, akamfungia mtoto kipande, kingine kikawa cha kubebea; miaka ilivyopita vikabaki vitambaa tu, kimoja Lineo alikuwa hawezi kulala bila kukishika. Walimu walilalamika kwamba mtoto anapiga kelele. Majirani walilalamika. Motlatsi, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya kifua kilichoharibiwa na vumbi la mgodi, aliomba kupumzika mchana. 'Malineo alimkanya Lineo kwa uongo, kwa uchafu na kwa kumpiga Palesa. Kwa kelele hakumkanya hata siku moja.

Tangu mafuriko yale yeye hupita darajani. Siku moja, Lineo akiwa darasa la tatu, walikuwa wanakwenda kwa Mwalimu Lebusa, kuku kwapani, wakifuata njia ya juu inayopita ukingoni. Lineo alitangulia mbio. 'Malineo alisimama kufunga kamba ya kiatu, na kuku akamponyoka kidogo, akamkamata. Ndipo aliposikia.

"Mama! We mama! Unakwenda wapi bila mimi?"

Kuku alimtoka tena, na safari hii hakumfuata.

Lineo alikuwa amesimama kwenye mishubiri, mikono kiunoni, akitazama chini mtoni. Kisha akageuka, akamwona mama yake nyuma, na uso ukamvurugika.

"Ah! Umefikaje huku?"

"Nilikuwa huku muda wote."

"Ulikuwa pale kwenye mawe! Unataka kuvuka! Umevaa blanketi kama kitambaa changu cha kulalia, ila zima."

'Malineo alishuka mpaka alipokuwa mtoto. Akatazama mto. Maji yalikuwa madogo, safi, mawe makavu. Hapakuwa na mtu. Akatazama milima, kama alivyofundishwa. Mbingu ilikuwa nyeupe mpaka mwisho.

"Huyo mama," alisema, akionyesha mawe kwa kidole. "Huyo mama, ulipomwita alifanya nini?"

"Aligeuka. Akarudi nyuma. Halafu wewe ukawa huku." Lineo alikunja uso. "Nimefanya vibaya?"

"Hapana."

'Malineo alipiga magoti kwenye vumbi, na gauni safi, akamshika mtoto mabega yote mawili.

"Asante," alisema.

"Ya nini?"

"Ya makelele yako."

Lineo alimchunguza kama anatafuta mzaha, hakuuona. "Haya," alijibu. "Si kitu, mama."

Muda mrefu 'Malineo alikuwa akidai jibu hilo. Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akainuka, akapangusa magoti.

"Sasa nikamatie yule kuku. Na leo tukifika kwa Mwalimu, mimi nitazungumza naye kwanza, wewe utanyamaza."

"Sitaweza," alisema Lineo, akakimbia.