Ndoo Sita za Misonobari

Kila asubuhi, kabla ya chai, niliimwagilia misonobari mitatu ya Mama ndoo sita za maji, mbili kwa kila mti. Baba alihesabu kutoka dirishani. Nikimwaga ndoo moja, aligonga fremu ya dirisha mara moja kwa mkongojo wake, nami nikarudi bombani. Tangu alipoanguka kutoka kwenye nyumba aliyokuwa akiipaua, miguu haikumrudia sawasawa. Kugonga lile dirisha ndiyo kazi pekee iliyombakia fundi seremala aliyewahi kuwa na mafundi wanane chini yake.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshagonga mara tatu. Nilipoinama na ndoo ya nne, mguu wenye kandambili ya kijani ukatua kwenye ukingo wake, maji yakanirukia gauni.

"Unaumwagilia au unauzamisha?"

Alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba. Nyuma yake, getini, lilisimama begi lake la safari, lile kubwa ambalo zipu yake imefungwa kwa pini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Weka ndoo chini, mama."

Nikaiweka. Miaka miwili tangu Mama afariki, niliamka na ndoo na kulala na dawa za Baba, na katikati ni uji, kufua, kumnyoa, kumwinua kitini, kumrudisha.

Mkongojo uligonga dirisha mara mbili, kwa hasira. "Ya nne iko wapi?"

"Ya nne nimeikanyaga mimi!" Shangazi akapaza sauti. "Toka uje uninyang'anye!"

"Nani kakukaribisha wewe?" Baba akauliza kutoka ndani.

"Ningengoja unikaribishe ningezeekea njiani!"

Juma lililopita nilimpigia simu Shangazi nikiwa na mambo mawili ya kumwambia. La kwanza, kwamba msonobari wa katikati umekuwa wa manjano, na sindano zake zinapukutika hata upepo usipovuma. La pili, kwamba kitalu kimoja cha miti, safari ya siku nzima kutoka kwetu, kimenipa kazi, na kinataka jibu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. La kwanza nililieleza lote. La pili sikulitaja. Nikamuuliza hali ya goti lake, nikaaga.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Shangazi alichukua jembe lililoegemea ukuta. Kuzunguka shina la mti wa katikati kulikuwa na tuta la udongo, kama beseni, nililolijenga kwa agizo la Baba ili maji yasikimbie. Akachimba kando yake. Shimo halijafika kina cha kiwiko, maji yakaanza kujikusanya ndani. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndooni. Akavuta mzizi mmoja, ganda lake likachomoka na kubaki vidoleni mwake kama soksi.

"Wewe si ulisomea miti?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Miaka mitatu."

"Na chuoni walikufundisha hivi?"

Nilitikisa kichwa. Mwalimu wetu alituambia mapema kabisa: msonobari humwagiliwa ukiwa mche, mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, mpaka ushike. Baada ya hapo uache. Huvumilia upepo, jua na udongo mbovu, ila hauvumilii miguu kulowa. Niliyajua hayo yote huku nimebeba ndoo. Niliyajua hata siku Baba alipoona umanjano ule, akasema ni kiu, tukatoka ndoo tatu mpaka sita.

"Mbona hukusema?"

"Mama alikuwa akiimwagilia kila siku, Shangazi. Ndivyo Baba anavyokumbuka."

"Mama yako alimwagilia miche iliyomfika magotini. Hii imepita paa, na bado mnainyonyesha!" Akacheka, kisha akaacha. Akalitazama gauni langu lililolowa. "Na najua hukunipigia kwa ajili ya goti langu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Twende ndani."

Baba alikuwa kwenye kiti chake alichokichonga mwenyewe. Shangazi akamwekea ule mzizi mapajani, juu ya shuka safi niliyoifua jana. Baba akaushika, akaunusa. Misonobari aliijua ikiwa mbao: vifundo vyake, utomvu wake, inavyopinda ikikaushwa kwa haraka. Ikiwa hai ilikuwa mali ya Mama.

"Mbao ikioza hivi," alisema, "mtu ameisahau majini."

"Mtu mwenyewe ni wewe, bwana mdogo."

Baba alinigeukia mimi. "Itakufa yote?"

"Wa katikati umekwisha, Baba. Tena msonobari ukikatwa hauchipui. Hii ya pembeni tukivunja matuta na kuchimba mfereji, pakakauka, nadhani itapona." Sikumbuki kama nilikuwa nimemwambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo mwaka ule.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anigombeze. Badala yake aligeukia dirisha. Pale alipozoea kugonga, vanishi ilikuwa imetoka na mbao imebonyea, kishimo kidogo kama cha kukalia dengu. Akakipapasa kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo haitaki maji tena."

"Haitaki."

"Sasa asubuhi utakuwa unafanya nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na nusu. Shangazi alikuwa ameingiza begi lake na kujifanya anahangaika na ile pini. Nitapika uji mapema, Baba: jibu hilo lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na lingetupitisha siku hiyo na nyingine nyingi.

"Baba, nimechoka," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikarudia. "Nimechoka. Nimepata kazi kwenye kitalu cha miti, ni mbali, na ninataka kwenda."