Kiti Kifupi cha Saluni

Msusi alikuwa ameshika vichwa vya mtaa mzima: vya mabibi harusi, vya walimu, hata cha mke wa mchungaji mmoja aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kutoka amejitanda mtandio mpaka puani. Kichwa kimoja tu kilikuwa hakijapita mikononi mwake, nacho ndicho alichokitamani kuliko vyote. Kichwa cha mama yake mzazi.

Kanisani kwa mama, mwanamke hasuki nywele, na kitambaa cheupe hakitoki kichwani. Binti alipoanza kazi ya ususi, wazee wa kanisa walikaa kikao wakamwondoa kwenye kundi la maombi la akina mama. Mikono inayosuka, walisema, haifai kuwekwa juu ya kichwa cha mtu na kumwombea. Mama alikuwepo. Alinyamaza kimya, na kimya hicho ndicho kilichomkata binti maini.

Miaka tisa ikapita. Kila Alhamisi, siku ya maombi, mama alipita ng'ambo ya barabara na wenzake, Biblia kwapani, macho mbele. Msusi alisimama kwenye dirisha la saluni yake akimsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha, kuficha aibu ya kutamani, akageukia wateja: "Mitambaa hiyoo, inawahi mbinguni!" Wakacheka. Lakini kwenye kile kiti kifupi cha pembeni hakumkalisha mteja yeyote. Alikinunua kwa ajili ya mama, ambaye magoti yake hayakuweza kupanda viti virefu vya saluni.

Alhamisi moja mama hakupita. Alivuka.

Aliingia mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu ya hospitali, kitambaa kimekwenda upande. Wateja wakaacha kusengenya, jambo ambalo si dogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niliteleza bafuni." Akaangaza macho ukutani. "Kumbe hapa ndipo unapofanyia kazi."

"Ndipo, mama. Karibu. Kaa hapa."

Mama akakaa kwenye kiti kifupi bila kuguna.

"Wenzangu walikuja kuniosha kichwa," alisema. "Nikawaambia asanteni, mimi nina mtoto msusi."

Msusi aliinamia beseni kwa muda mrefu kuliko beseni lilivyohitaji. Kisha akauliza, "Nikishakuosha, nikusuke kidogo, mama? Mistari miwili tu?"

"Mimi sisukwi, mwanangu. Nilimwahidi Mungu nikiwa msichana, na ahadi yangu naipenda. Lakini ni yangu. Haikuwa fimbo ya kukuchapia wewe. Siku ile ya kikao nilijua hivyo, nikaogopa macho ya watu."

"Na mimi nimevicheka sana vitambaa vyenu. Nisamehe."

"Najua. Sauti yako inavuka barabara."

Wote wawili wakacheka, msusi huku machozi yakimtoka. Akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye rafu safi peke yake. Nywele za mama zilikuwa nyeupe, chache, laini. Aliziosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, akipita nyuma ya masikio, akipita utosini, akitamani kazi hiyo isiishe.

Ikaisha. Akataka kuondoa mikono achukue taulo, lakini mama akainua mkono wake mzima, akaikandamiza palepale kichwani.

"Usiitoe," alisema. "Leo Alhamisi. Niombee."